Uzoefu wangu na mashine ya kutengeneza vibonge vya alfalfa

Ninayoieleza hapa ni mashine ya kukandamiza yenye kalibu ya pete, mota ya fezi tatu ya kilowati 55, inayotoa vibonge vya mraba vya milimita 32 kwa 32. Naitumia kwa alfalfa kavu (majani ya malisho ya jamii ya kunde) peke yake, na vibonge vinaliwa na ng'ombe wa maziwa na farasi. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya mfumo wake wa maji, na hapo nitakaa kidogo, kwa kuwa kibonge huharibika au hutengenea kwenye maji kabla majani hayajafika kwenye kalibu.

Kazi yenyewe ni rahisi kuielewa. Ndani ya kalibu, yaani pete ya chuma nene, kuna gurudumu zito linalozunguka, na pete imetobolewa matundu ya mraba mzingo mzima. Majani yaliyokatwa yanaanguka katikati, gurudumu linayasukumiza matunduni, msuguano unayapasha moto hadi karibu nyuzi 80, kisha yanachomoza nje na kukatika yakigonga bati la mteremko. Hakuna gundi. Kinachoshikanisha ni vitu vilivyomo ndani ya alfalfa yenyewe, pectini, sukari na protini, ambavyo hunata vikipata joto na unyevu kwa pamoja. Kwa hiyo alfalfa iliyovunwa ikiwa imeanza tu kutoa maua, yenye majani mengi, inashikana vizuri. Iliyochelewa hadi ikabaki mashina inameguka hata uifanyie nini. Nyasi zikichanganyika zaidi ya sehemu moja kwa kumi utaona nyufa, na hapo ndipo naongeza bentonaiti asilimia 1 hadi 2. Kwa alfalfa safi siiweki, kwani ni udongo tu, haumlishi mnyama.

Sasa maji. Marobota ya alfalfa kavu yanafika yakiwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Ukayapitisha hivyo hivyo, vibonge vinatoka vikiwa vumbi nusu. Kwenye kalibu yanatakiwa yaingie na asilimia 14 hadi 16. Hesabu yake msiikisie. Kilo 100 za majani zenye unyevu wa asilimia 10 zina kilo 90 za kitu kikavu. Gawanya 90 kwa 0.86 upate 104.7, kwa hiyo lita 4.7 zitakufikisha asilimia 14. Kwa asilimia 16 gawanya kwa 0.84, inakuwa lita 7 na kidogo. Tofauti ni lita mbili na nusu tu kwa kila kilo 100, na hizo zinatosha kuharibu kazi ya siku nzima. Kama huna kipima unyevu, pima gramu 100 za majani, yakaushe kwenye oveni ya moto mdogo, ukiyapima tena na tena mpaka uzito usishuke. Gramu zilizopungua ndiyo asilimia yako.

Tatizo la mashine hii ni kwamba imekuja na nozeli moja yenye tundu kubwa, iliyofungwa mdomoni pa kalibu. Inadondosha matone, hainyunyizi. Matokeo yake fungu moja la majani linalowa na jingine linabaki kavu, na ndani ya kibonge kimoja unakuta tabaka linalong'aa na tabaka linalopukutika. Hata kiasi cha maji kikiwa sahihi kwa wastani, hakikusaidii. Nimeondoa nozeli hiyo na kufunga tatu za kunyunyiza maji kwa matone madogo sana juu ya kichanganyio, mbali na kalibu, na majani yaliyonyunyizwa yanakaa chini ya turubai dakika 20 hadi 30 ili maji yapenye kwenye mashina. Maji ya uvuguvugu yanapenya haraka kuliko ya baridi. Kwa bei ya mashine hii, nozeli za maana zilitakiwa ziwemo.

Ukitaka kujua unyevu wako ukoje, vunja kibonge kikiwa bado cha moto. Kizuri kinavunjika kwa shida, ndani unaona vipande vya mashina vimelala tabaka juu ya tabaka, rangi bado ya kijani, na kinanukia kama majani yaliyokaushwa kivulini. Kilichokosa maji kina nyufa za kukata upana na kinaacha unga kiganjani. Kilichozidi maji kinatoka laini, kinafura pembeni baada ya dakika chache, na gurudumu huanza kuteleza badala ya kusukuma: mlio wa mota unapungua, vibonge vinakoma kutoka. Kikiwa cheusi chenye uso wa kung'aa kama kioo, joto limezidi. Hapo ama majani yamekauka mno, ama tundu limeziba na yaliyomo yanajiunguza.

Ukatakataji nao una kipimo chake. Napendelea vipande vya sentimita 3 hadi 5. Vikiwa virefu zaidi vinajikunja mlangoni mwa matundu na kuziba. Ukisaga hadi iwe unga, kibonge kitakuwa kigumu na kizuri kwa macho, lakini umemnyima ng'ombe nyuzi ndefu zinazomfanya acheue, na hiyo ndiyo faida ya kibonge juu ya chembe ndogo za kiwandani. Vumbi linalobaki baada ya kukata msilitupe, ni majani. Lirudisheni kwenye kichanganyio kidogo kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya protini ya alfalfa iko kwenye majani, si kwenye mashina.

Kabla ya kukata, toa kamba zote za marobota na pitisha majani kwenye sumaku. Waya mmoja unakwaruza kalibu, na ukipita ndani ya kibonge unaishia kwenye tumbo la ng'ombe na kuweza kulitoboa. Kwenye alfalfa inayotoka maeneo yenye mbawakavu wa sumu ya kantaridini kuweni waangalifu zaidi, hasa kwa farasi. Joto la kalibu haliondoi sumu hiyo.

Uwezo wake: muuzaji anasema tani 2 kwa saa. Kwa alfalfa mimi napata tani moja na kidogo, na siilaumu sana. Kipima ampea ndicho kiongozi wangu. Kwenye volti 400 mota hii inavuta karibu ampea 100 ikibeba mzigo wote, kwa hiyo nalisha majani taratibu mpaka sindano ikae kati ya 70 na 85. Ikipanda ghafla, funga majani kwanza, usizime mota. Beringi za gurudumu zinataka grisi ya kuhimili joto kila zamu. Grisi ya kawaida inayeyuka na kuvuja kwenye chakula.

Kuzima ndiko kunakowashinda wengi. Majani yakiachwa matunduni usiku kucha yanakauka na kuwa kama saruji, asubuhi mota inashindwa kuyasukuma na unalazimika kutoboa tundu moja moja kwa drili. Dakika za mwisho pitisha pumba zilizochanganywa na mafuta ya kupikia yaliyotumika, mpaka uzione zikichomoza kwenye matundu yote. Zinabaki laini, na ukiwasha tena zinatoka zenyewe. Kalibu mpya pia ing'arishwe kwa pumba, mafuta na mchanga laini kabla ya kuingiza alfalfa, la sivyo matundu yake yana ukwaru na yataziba.

Mashine haiji na kipozeo, kwa hiyo kiwekeni kwenye bajeti. Vibonge vinatoka vya moto na vyenye mvuke. Ukivitia kwenye viroba hapo hapo, mvuke unageuka maji ndani ya kiroba na baada ya siku chache kuna ukungu. Navitandaza juu ya wavu, unene wa sentimita 15 hadi 20, feni ikipuliza kutoka chini, mpaka viwe na joto la hewa ya chumba na unyevu umeshuka hadi asilimia 12 au chini yake. Halafu vinapita kwenye chekecheo ili vumbi lirudi kazini. Stoo naweka viroba juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta. Mita moja ya ujazo inabeba kilo 400 hadi 500 za vibonge, na kwa marobota ya kawaida usingepata hata nusu yake.

Kwa ng'ombe, badilisha majani makavu kwa vibonge kidogo kidogo ndani ya siku 7 hadi 10, kilo kwa kilo. Farasi wapewe vilivyolowekwa: kilo moja ya vibonge kwa lita mbili za maji, nusu saa hadi saa moja, mpaka kibonge kisambaratike chenyewe kwa kuminywa na vidole. Vikavu wanavimeza haraka na vinaweza kuwakwama kooni. Kibonge ambacho baada ya saa moja majini bado kina kiini kigumu kimekandamizwa kupita kiasi. Hicho mpe ng'ombe, na kesho ongeza maji kidogo kwenye kichanganyio.