TAHADHARI: Mzee anayeuza bodi za Peugeot 504 njia ya Bagamoyo, msimpe hata mia

Wakuu habari za usiku. Hili jambo nimekaa nalo siku 9, mke wangu ndo kaniambia andika, maana ukinyamaza kuna mwenzako atalizwa kama ulivolizwa wewe. Nina hasira na nina aibu, vyote kwa pamoja, saa 8 usiku hii naandika kwa sababu usingizi wenyewe haupo.

Nimepigwa 4,650,000. Milioni 4 na laki 2 ya bodi, na laki 4 na nusu ya Fuso ya kuileta Morogoro. Hapo sijahesabu nauli, diski za grinda, na siku mbili za fundi ambazo lazima nimlipe maana yeye hana kosa.

Wanaonijua mnajua ile 504 ya marehemu baba imekaa chini ya mwembe toka lini na mnajua kwa nini nilisema mwaka huu lazima isimame, sirudii. Injini haina shida, ile 1971 cc, tulishaifungua tukabadilisha slivu na pistoni na ringi na inawaka vizuri tu. Shida ni kutu. Majani ya mwembe yanajazana pale chini ya kioo cha mbele, yanashika maji, mvua za huku mnazijua, miaka inaenda, sasa hivi sakafu upande wa dereva unaona majani ya ardhini, na lile bati refu la chini ya milango kushoto na kulia ukilikwaruza na kucha linamwagika kama majani ya chai. Na 504 saluni sio kama Land Rover kwamba ina chesisi yake pembeni, hii bodi ndo chesisi yenyewe, yale mabati ya chini ya milango yakiisha gari linakunjika katikati na milango haifungi tena. Kwahiyo tukakubaliana na fundi tutafute 504 ya kuchinja, yenye bati zima chini, tukate tuhamishie kwa ya baba. Mabati mapya ya hii gari hapa kwetu utayatoa wapi.

Ndo nikakutana na tangazo lake. PEUGEOT 504 BODI TUPU, GARI YA DODOMA, HAIJAWAHI KUONA BAHARI. Picha 6. Nikampigia, akapokea kwa salamu ndefu, akaniuliza kwetu wapi, baba yangu alikuwa nani, akasema aah Morogoro, nimefanya kazi Morogoro, kijana wangu njoo uione mwenyewe usinunue kitu kwa picha. Sasa niambieni, tapeli gani anakwambia usinunue kwa picha? Mi nilijua tapeli ni yule anayetaka utume hela kwanza. Huyu aliniita.

Jumamosi nikaondoka alfajiri. Fundi wangu alikuwa na msiba hakuweza kuja, akanipa sumaku, ile kubwa ya nyuma ya spika ya redio, akaniambia usiangalie rangi, pitisha hii kila mahali hasa chini, bati litaivuta, pati, yani ile dawa ya kuzibia mabonde kabla ya rangi, haitaivuta. Nikaiweka kwenye mfuko wa suruali. Ilikuwa nzito mpaka inavuta suruali upande mmoja. Hii sumaku ikumbukeni.

Nafika pale mzee yuko na kanzu safi na kofia, yadi imefagiliwa, kuna mabenchi chini ya mkorosho, vijana wawili wanapiga msasa. Kabla hata hatujaenda kwenye gari akaagiza chai na mihogo. Akaanza kuongea Peugeot. Wakuu, yule mtu anaijua Peugeot, hilo siwezi kumnyima. Akanitajia washindi wa mashindano ya magari ya Safari Rally, 1975 Ove Andersson na 504, 1978 Jean-Pierre Nicolas na ile 504 ya V6, akarudi nyuma mpaka 404 ya Bert Shankland aliyekuwa anaishi Dar, aliyechukua Safari 1966 na 1967, akasema akiwa mtoto alisimama barabarani kumpungia mkono. Yote hayo ni kweli, mi mwenyewe nayajua, baba alikuwa anatuhadithia hivohivo na majina hayohayo. Nilikuwa namsikia mzee wangu anaongea. Mtu akishakufikisha hapo unamkagua nini?

Tukaenda kwenye gari. Nyeupe, imepigwa rangi mpya, inang'aa, iko juu ya matofali manne. Akavua pete yake ya fedha akaanza kugonga. Paa: tiin. Boneti: tiin. Mlango pale juu karibu na kioo: tiin. Akasema sikiliza hilo bati kijana wangu, hilo ni bati la Wafaransa sio haya ya siku hizi. Na mi nikatikisa kichwa kama mtoto wa shule. Alikuwa anagonga juu tu! Chini ya mstari wa vitasa hakushuka hata mara moja, na mimi macho yangu yanafuata pete.

Chini yote imepigwa lami nyeusi nene. Nikauliza, akasema hiyo ni kinga, gari ya Dodoma ikija pwani lazima uipake la sivyo chumvi itaila. Inaingia akilini kabisa. Ndani kuna zulia jipya limegundishwa, nikasema naomba ninyanyue nione sakafu, akasema gundi haijakauka, imepigwa juzi, ukinyanyua utalichana, na kama hutoinunua nitamwambia nini mteja mwingine.

Hapo ndo nikaingiza mkono mfukoni nikaishika ile sumaku. Nawaapia niliishika. Na adhana ya adhuhuri ikalia. Mzee akasema kijana wangu nipe dakika 10 nikaswali, gari hiyo hapo iangalie utakavyo, akaniachia funguo za ofisi na simu yake juu ya benchi akaondoka. Yani mtu ananiachia simu yake na ofisi yake, halafu mimi nianze kumpitishia sumaku gari yake kama polisi? Niliona ni kumvunjia heshima mtu mzima. Wale vijana wawili wakawa wananiangalia. Nikautoa mkono mfukoni mtupu. Mke wangu kaniuliza hilo swali mara tatu, kwa nini hukuitoa, na jibu langu ni hilo hilo, niliona haya.

Aliporudi simu ikaita, akaweka spika. Sauti inasema mzee mimi wa Arusha, hiyo bodi nakupa milioni 4 na nusu natuma hela sasa hivi. Mzee akamjibu hapana, kuna kijana hapa ametoka mbali, baba yake alikuwa na gari kama hii, huyu ndo mwenye haki nayo, nikishindwana naye nitakupigia. Akanigeukia akasema mi sitaki zaidi ya 4 na laki 2. Machozi yalinilenga wakuu. Nikatuma pale pale. Karatasi aliyoniandikia ni ya daftari, ina jina moja tu na sahihi na chini maneno "mali ikitoka hairudi", hayo maneno nilikuja kuyasoma nyumbani.

Jumatatu Fuso imeshusha, fundi kaja. Hakuongea sana, akazunguka mara moja, akalala chini, akainuka, akaniuliza sumaku uliipitisha? Nikanyamaza. Akachukua jeki akaiweka pale pale pa kuwekea jeki, chini ya mlango wa mbele, akaanza kupampu. Gari halikunyanyuka. Jeki ikawa inapanda na gari limekaa, kikasikika kitu kama biskuti inavunjwa, na kichwa cha jeki kikazama ndani ya bodi chote kama kidole kwenye ugali. Fundi akaachia mkono wa jeki. Mama alikuwa mlangoni anaangalia, akarudi ndani bila kusema kitu.

Tukapiga grinda. Kwanza rangi, halafu pati, vumbi lake la pinki likajaa uwanja mzima, pati nene kama kipande cha mkate. Pati inatakiwa kusawazisha bonde la milimita mbili tatu, hii ilikuwa unene wa kidole gumba! Chini ya pati kuna faiba. Chini ya faiba kuna bati, nikapata matumaini kidogo, kulisafisha ni bati la ndoo ya mafuta ya kula, limekatwa na mkasi, limepigwa riveti, bado limeandikwa LITA 20 kwa bluu. Nyuma yake hakuna kitu, utupu, kutu ya unga. Na ndani ya ule utupu fundi aliingiza mkono akatoa mchanga mweupe na vipande vya makombe. Mchanga wa baharini. Gari ya Dodoma, haijawahi kuona bahari. Ule mchanga nimeuweka kwenye mfuko wa nailoni na utaenda mahakamani.

Zulia tukalichana, sakafu ni turubai na lami. Pale juu shokapu za mbele zinapofungwa, sehemu inayobeba uzito wote, kumepachikwa pati pia. Hili ndo linanitia uchungu kuliko hela. Mimi nilitaka kuichinja, je angeinunua mtu wa kuitembeza? Akafunga injini, akapakia watoto, akaingia barabara ya Chalinze, shokapu ikapasua bodi kwenye mwendo? Huyu mzee anajua gari kuliko mimi na fundi wangu tukiunganishwa, anajua fika kile alichofunika kinashikilia nini. Huu sio ujanja wa biashara. Ni kuua watu.

Nilipompigia alipokea mara moja, akasema kijana wangu bati ni kitu cha kuoza, ulikagua mwenyewe nikakuachia na funguo, mimi nilikuwa naswali. Kumbe ndo maana aliondoka! Ili niseme mwenyewe kwamba nilikagua. Toka hapo namba yangu kaifungia. Mdogo wangu kampigia kwa namba nyingine kama mteja, akaambiwa kuna 504 ya Dodoma, haijawahi kuona bahari. Nyingine.

Nimeenda kituoni nikaambiwa hayo ni madai, fungua kesi mahakamani, mlikubaliana wenyewe. Hapana jamani. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai, liko kwenye Kanuni ya Adhabu na kifungo chake kinafika miaka 7. Mtu kukata ndoo ya mafuta, kuipiga riveti, kuifunika pati na kuandika tangazo kwamba haijawahi kuona bahari, hiyo ni makubaliano gani? Nataka akamatwe. Nataka ile yadi ifungwe na kila gari lililomo lipigwe sumaku mbele ya mjumbe na majirani zake, wale vijana wa msasa nao waulizwe wameziba bodi ngapi na nani kazinunua. Na yule wa Arusha kwenye spika atafutwe, namba iko kwenye simu ya mzee, polisi wakitaka ni dakika tano. Arudishe hela yangu halafu afungwe, sio arudishe tukaishia hapo.

Najua mtaniuliza dalili za bodi iliyozibwa hivi. Sijui niseme zipi, mi mwenyewe nimeziona nikiwa nimeshalizwa. Zile picha 6 zote zilipigwa kutoka juu, hakuna hata moja ya chini. Lami mbichi chini ya gari la zamani, inanuka, inashika kidole, kaa nayo mbali, lami inapakwa kwenye bati lililosafishwa na kupigwa praima na ukionyeshwa kabla na baada. Zulia la kugundisha kwenye bodi tupu isiyo hata na viti, la nini? Gonga chini sio juu, bati linalia, pati inatoa sauti kama unagonga mbao. Namba ya bodi pia, kibati kilichopigwa riveti hakilingani na namba iliyogongwa kwenye bati lenyewe, hilo nimeligundua juzi na linanitisha, maana kadi ya gari alinipa kivuli tu na sasa sijui nimekaa na gari la nani uwanjani kwangu. Na sumaku itoeni. Awe mzee, awe shehe, awe mchungaji, awe amekupa chai, itoeni.

Jina na namba yake sijaweka hapa, mwenye shida nayo aje inbox nampa na picha zote, ya jeki na ya ile ndoo. Alhamisi narudi kule na mdogo wangu, tutapitia kwa mjumbe kwanza. Kama kuna mtu hapa aliwahi kuuziwa na huyu mzee, hata kama ni mlango tu au fenda, hata kama ni zamani na ulinyamaza kwa aibu kama nilivotaka kunyamaza mimi, naomba uje na karatasi yako. Nikienda peke yangu ni madai, tukienda wanne watalazimika kufungua jalada.