Chumvi au antibiotiki kwa sato wanaougua?

Wafugaji wa sato wa Lindi na Mtwara huulizana mara kwa mara kipi kinafaa samaki wanapougua: chumvi au antibiotiki.

Kwa gharama, chumvi inashinda, maana huvunwa papa hapa pwani. Lakini ushindi huo ni wa ndoo, si wa bwawa. Kuwaogesha samaki kwa dakika 10 katika maji yenye gramu 10 za chumvi kwa kila lita, huku ukiwaangalia na kuwatoa mara wanapolala ubavu, ni jambo la fedha kidogo; ilhali bwawa la mita za mraba 200 lenye kina cha mita 1, hata kwa gramu 5 tu kwa lita, litameza tani nzima.

Kwa uhakika, kila moja ina adui wake. Chumvi hutibu vimelea vya nje na ukungu, ule unaoonekana kama nyuzi za pamba kwenye pezi lililochubuka. Vidonda vyekundu na tumbo lililojaa maji mara nyingi huashiria bakteria, ambao huhitaji antibiotiki iliyochanganywa kwenye chakula. Samaki aliyekwisha kususa chakula haipati, na hilo huniuma sana kwa wanaochelewa. Dozi isikatizwe, bakteria wasije wakawa sugu, wala samaki wasiuzwe kabla ya kwisha muda wa kusubiri, yaani siku za dawa kutoka mwilini mwao.

Mwenye vifaranga waliochubuka safarini aanze na chumvi. Anayeokota samaki wenye vidonda kila asubuhi amwite kwanza afisa uvuvi, na siku hiyo hiyo apunguze chakula na kubadilisha sehemu ya maji.