Uzamili wa taaluma za kanda na utamaduni: nyota nne, na sababu ya kuinyima ya tano

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya wasimamizi wangu wawili. Shahada hii huchunguza eneo moja la dunia (ndiyo "kanda") na utamaduni wake kwa kuchanganya fani kadhaa. Mimi nilichagua ukanda wa Bahari ya Hindi, nikapangiwa mwanahistoria na mwanaanthropolojia. Wa kwanza akisoma sura yangu huuliza, "Nyaraka ziko wapi?" Wa pili akisoma sura ileile: "Mbona hakuna watu humu?" Kila mmoja alikuwa na hoja, ila mimi ndiye niliyekuwa nikiandika upya. Programu ilipaswa kuwakutanisha mapema. Wao walikaa meza moja siku ya kutetea tasnifu.

Semina, hata hivyo, ni tamu kweli. Swali la kwanza lilikuwa: kanda ni nini, na kaichora nani? Wasovieti walirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza, mwaka 1957. Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi, ikaanza kugharimia vituo vya lugha na kanda vyuoni. Hofu ya Vita Baridi imo ndani ya ramani tuliyorithi! Mhakiki Edward Said naye, mwaka 1978, katika kitabu chake Orientalism, akawavua nguo wataalamu wa Magharibi walioandika juu ya Mashariki. Upande wa utamaduni tulianzia Birmingham, Uingereza, kwenye kituo cha taaluma za utamaduni alichokianzisha Richard Hoggart mwaka 1964, ambako Stuart Hall na wenzake waliichambua televisheni kwa uzito uleule wa fasihi.

Kwenye ramani hiyo ya kanda, bahari yangu ikawa haikai popote. Pwani moja iko kwa wataalamu wa Afrika, nyingine kwa wa Mashariki ya Kati, nyingine kwa wa Asia Kusini, ilhali majahazi ya kaskazi na kusi yalizifunga pamoja karne na karne.

Lugha usiidharau. Barua za wafanyabiashara wa karne ya 11 na 12 waliofika India, zilizohifadhiwa katika sinagogi la Kairo ya kale, nyingi ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Usipoijua lugha, unasoma alichokiona mwenzako. Kwetu masomo ya lugha yalikuwa ya lazima lakini hayakuhesabiwa kwenye shahada (dhuluma hiyo!), kwa hiyo uliza kabla ya kujisajili.

Kuhusu ajira, matangazo yanayoitaja shahada hii kwa jina ni nadra mno. Wenzangu waliotoka kwenye sheria, ukutubi na uandishi wa habari walikuwa na pa kurudi. Kama huna fani nyingine wala swali linalokunyima usingizi, chukua historia tu.