Kozi ya video ya Pentekoste na Sikukuu ya Majuma: nzuri, ila mwalimu karuka mstari mmoja

Nimemaliza hii kozi juzi, video sita za kama nusu saa kila moja, na naandika kwa sababu kabla sijajisajili nilitafuta maoni ya watu nikakosa. Niseme mapema, mimi ni Mpentekoste wa kuzaliwa, jina la sikukuu nimelibeba maisha yote na sikuwahi kujiuliza hiyo hamsini iliyo ndani ya jina Pentekoste inahesabiwa kuanzia wapi. Aibu kidogo lakini ndo hivyo.

Video ya pili ndo imenishika. Mwalimu anapita Walawi 23 taratibu, hana papara, mganda wa kwanza wa mavuno unatikiswa mbele za Bwana majira ya Pasaka, wakati wa shayiri, kuanzia hapo unahesabu majuma saba, siku ya 50 ngano nayo imeiva inaletwa mikate miwili. Pentekoste ni Kigiriki tu, maana yake ya hamsini. Halafu anafungua 1 Wakorintho 15:20, Kristo limbuko (yaani mavuno ya kwanza) lao waliolala, na hapo ndo nikagundua Paulo anaongea kikulima kabisa, ukiona limbuko jua shamba lililobaki nalo linakuja. Nilirudia hiyo sehemu mara mbili. Na wale Waparthi na Wamedi na Waelami wa Matendo 2, wageni waliokuwa Yerusalemu siku Roho Mtakatifu aliposhuka kwa uvumi wa upepo na ndimi za moto, kumbe hii ilikuwa moja ya zile sikukuu tatu za kwenda mbele za Bwana (Kumbukumbu 16:16), yaani mji ulishajaa wageni kabla hata upepo haujavuma. Miaka yote nilidhani walisikia kelele wakaja kutoka huko kwao, usicheke.

Video ya nne hapana aisee. Anasema mikate miwili ni Wayahudi na mataifa, chachu iliyomo kwenye mikate hiyo ni dhambi iliyobaki ndani ya kanisa, na anasema kwa uhakika kama vile Musa ndo kaandika. Andiko halisemi hivyo, ni tafsiri ya Wakristo waliokuja baadaye, kuhubiria inafaa sawa, ila mwambie mwanafunzi kwamba ni tafsiri. Halafu anaiongelea sikukuu kama kitu kilichokufa hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa mwaka 70, wakati Wayahudi wanaiadhimisha mpaka leo, wanaiita Shavuot, wanakumbuka kupewa Torati pale Sinai na wengi wanasoma kitabu cha Ruthu. Dakika mbili tu zingetosha kulisema hilo.

Na Ruthu ndo ananileta kwenye lalamiko langu kubwa. Maelekezo ya sikukuu yakiisha tu, mstari wa 22 wa Walawi 23 hapohapo, Mungu anasema ukivuna usimalize pembe za shamba, masazo mwachie maskini na mgeni. Sasa Ruthu si ndo huyo mgeni, Mmoabu, kaokota masazo shambani kwa Boazi, aliyekuja kumuoa, tangu shayiri mpaka ngano ikaisha, na humo humo ndo ukoo wa Daudi ukapatikana, na Yesu akatoka huko. Ukienda mwisho wa Matendo 2 watu wanauza mali zao wanagawiana kila mtu na haja yake. Mimi naona ni uzi mmoja kabisa! Mwalimu kausoma mstari wa 21, kafunga Biblia, karukia kunena kwa lugha video nzima ya tano, ndimi za moto tunazijua jamani, tumekulia humo.

Sauti safi, maandishi ya kwenye skrini yanasomeka hata kwa simu ndogo, maswali ya mwisho wa kila somo ni mepesi mno. Video ya sita ni marudio, unaweza kuiacha usipoteze kitu. Nampa nyota tatu na nusu, na ya pili nimeshamtumia mama, kaniuliza mbona hatukufundishwa haya tangu zamani.