Patasi na tezo za wachonga mpingo, karakana ya mhunzi Mtwara mjini: matiko yakoje?

Mpingo haubembelezi patasi. Makali laini hujikunja kabla sura ya kinyago haijatoka, na yaliyo magumu kupita kiasi humeguka. Ndiyo maana zana za karakana hii, zinazonunuliwa hadi na wachongaji wa Masasi na Lindi, tumezipima kwa jambo moja tu: matiko, yaani namna chuma kinavyopashwa moto na kupoozwa ili kipate ugumu unaofaa.

Patasi hufuliwa kwa chuma cha O1, chenye kaboni asilimia 0.9 hivi pamoja na manganizi, kromi na tangsteni kidogo. Hapa kazi ni safi kabisa. Fundi anapasha huku akijaribu kwa sumaku. Ikiacha kushika, joto limefika kama nyuzi 770. Anaongeza moto kidogo, hadi nyuzi 800 hivi, anasubiri dakika chache, ndipo anatosa kwenye oili iliyopashwa nyuzi 50. Wengi hushangaa kuona oili ya moto, lakini ikiwa baridi huwa nzito, haizunguki, na joto hukawia kutoka. Kasi ndiyo yenye kazi. Kwenye moto ule kaboni imeyeyukia ndani ya umbo liitwalo austeniti. Chuma kikipoa ghafla, kaboni hunaswa na umbo hugeuka martensiti, gumu mno lakini jepesi kuvunjika. Kikipoa polepole unapata perliti, umbo laini, na patasi yako haifai hata kwa mninga.

Tupa mpya inateleza juu ya makali bila kung'ata, maana yake ugumu umefika 60 au zaidi kwa Rockwell C, kipimo cha ugumu wa chuma. Kisha inakuja hatua ambayo karakana nyingi huiruka: patasi hazilali usiku bila kupashwa tena. Zikiwa bado vuguvugu zinaingia kwenye oveni, nyuzi 200, saa mbili. Ugumu unapungua kidogo tu, ila ule mkazo wa ndani unaopasua chuma unalegea.

Tezo ni habari nyingine, na inasikitisha kwa mikono yenye ufundi kama huu. Zinatoka kwenye majani ya springi za lori, chuma cha kaboni asilimia 0.6 hivi kinachotaka oili, lakini hutoswa kwenye maji ya bahari. Chumvi huvunja tabaka la mvuke linalokizunguka chuma, kwa hiyo upoaji unakuwa mkali kuliko hata wa maji ya bomba. Nyufa hutokea pale ubapa unapokutana na mkia. Tezo tuliyoivunja ilionyesha ndani chembe za chuma kubwa zinazong'aa kama sukari, dalili kwamba moto ulizidi na chembe zikakua. Mkaa wenye blowa hupita nyuzi 1000 bila shida, na kwa jicho, juani, huwezi kujua. Matiko yafanyiwe kivulini.

Patasi nunua bila wasiwasi. Ukiagiza tezo, omba chuma kipashwe hadi sumaku iachie na kupoozwa hewani mara tatu ili chembe zirudi kuwa ndogo, kitoswe kwenye oili, kisha kipashwe tena mpaka uso uliosuguliwa ugeuke rangi ya kahawia, nyuzi 250 hivi; tezo hupigwa kwa nguvu, haihitaji ugumu wa patasi.

Wakati wa kunoa kwa jiwe la umeme, chovya majini kila mara. Makali yakigeuka bluu yamepita nyuzi 290 na ugumu umeondoka. Hapo noa taratibu mpaka sehemu yote ya bluu iishe.