Nissan Leaf ya mtumba Mombasa, waranti ikishaisha

Mnaoniuliza kila siku kama Leaf, lile gari la umeme la Nissan, inadumu, haya. Gari lenyewe halina neno, hakuna kumwaga oili ya injini, hakuna plagi, na breki pedi zinakaa sana sababu ukiachilia eksileta mota ndiyo inashika gari na kurudisha chaji, halafu kwa foleni ya feri Likoni uko zako na AC hakuna injini inanguruma. Hapo naipa zote.

Kesi ni betri. Za 30 na 40 kWh (kipimo cha umeme betri inabeba) zilikuja na waranti ya miaka 8 ama kilomita 160,000, na Kenya inaruhusu kuingiza magari yasiyozidi miaka 8, kwa hivyo likishuka bandarini mara nyingi waranti ndo hiyo inakata roho. Na Leaf hizi za mtumba hazipoozi betri kwa maji, sasa hebu piga picha joto letu la Februari, umepaki juani chaji imejaa pomoni... unaiua mwenyewe.

Kwa dashi kuna vijistari 12 vya afya ya betri, cha kwanza kikizima ushapoteza kama asilimia 15. Lakini kuna wajanja wanavirudisha vikae vimejaa, so enda na fundi asome kwa LeafSpy, app ya simu ya kusoma hali ya betri, kabla hujatoa pesa.

Ikichoka usikubali kuambiwa nunua betri nzima, pakiti ya 24 kWh ina moduli 48, yaani vipande vya betri, na zile mbovu zinabadilishwa. Ila fundi wa jua kali asiguse nyaya za rangi ya chungwa, ule umeme wake si mchezo.

Kama wewe ni wa safari ya Nairobi kila wiki, chaji moja haikufikishi, tafuta haibridi, ile ya petroli na umeme.