Sumaku ya kuopolea vitu kisimani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kamba ya ndoo imekatika. Au spana ya fundi wa pampu imeteleza, au rundo la funguo limemponyoka mtu alipoinama kuchota maji. Kwenye nyumba nyingi zenye kisima, kinachofuata ni kutafuta kijana mwembamba, kumfunga kamba kiunoni na kumshusha chini. Nimeandika mwongozo huu ili jambo hilo likome. Kisima cha zamani, hasa kilichofunikwa muda mrefu, kinaweza kujaa kaboni dioksidi, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida na haina harufu, huku oksijeni ikiwa imepungua. Pakiwashwa jenereta au pampu ya petroli karibu na mdomo wa kisima, moshi wake nao huteremka. Anayeshuka huzimia bila kupiga kelele, anayemfuata kumwokoa huzimia juu yake. Spana haina thamani hiyo.

Sumaku nzuri na kamba imara hufanya kazi hiyo mtu akiwa amesimama juu, kwenye ardhi kavu. Siku hizi zipo za kuagiza mtandaoni na hata kwenye maduka ya vifaa ya miji mikubwa, lakini zimechanganyika nzuri na hovyo, na maandishi ya kwenye boksi yanachanganya wanunuzi wengi.

Kwanza, jiulize kilichozama ni nini

Sumaku hukamata chuma cha kawaida: panga, jembe, nyundo, spana, ndoo ya bati, mnyororo. Haikamati alumini, shaba, dhahabu wala fedha. Sufuria ikizama, sumaku haitakusaidia. Vyuma vingi vya stenlesi navyo havishiki, au hushika kidogo mno, na ndiyo maana pampu ya kuzamisha yenye ganda la stenlesi haiopolewi kwa sumaku hata ukinunua kubwa kuliko zote.

Usikate tamaa mapema, hata hivyo. Ndoo ya plastiki mara nyingi ina mkono wa waya wa chuma, na huo unashika. Funguo nyingi ni za shaba iliyopakwa rangi ya fedha, lakini pete inayozishikilia ni ya chuma, kwa hiyo rundo zima linapanda juu likining'inia kwenye pete hiyo. Kama una kitu kingine cha aina ileile nyumbani, kiguse kwa sumaku yoyote ndogo kabla ya kutoa hela.

Kilo zinazoandikwa kwenye boksi

Utakuta kilo 100, kilo 200, kilo 500, yaani uzito ambao sumaku inadaiwa kuushikilia. Hazikusudiwi kudanganya, ila zimepimwa katika mazingira ambayo kisimani hayapo: bamba nene la chuma, safi, bapa, sumaku ikiwa imelala juu yake kikamilifu na kuvutwa wima. Chini ya kisima kuna panga lenye kutu, limeegemea jiwe, limepakwa tope. Tope na kutu vya unene wa milimita 2 au 3 tu vinaweza kula zaidi ya nusu ya nguvu ile. Na sumaku ikivutwa kwa ubavu badala ya wima, huanza kuteleza kwa karibu moja ya tano ya kilo zilizoandikwa.

Kwa hiyo, ukiwa dukani, jaribu mwenyewe. Beba kipande cha chuma chenye unene wa sentimita 1 hivi, na kipande cha katoni. Acha sumaku ishike chuma, vuta. Kisha weka katoni katikati, vuta tena. Jaribio la pili ndilo linaloonyesha sumaku itakavyofanya kwenye tope. Mbili zenye kilo sawa kwenye boksi zinaweza kutofautiana sana hapo, na muuzaji anayeijua bidhaa yake hatakuzuia kujaribu.

Zinazofaa ni za neodimia, aina iliyovumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu wakati mmoja, na General Motors ya Marekani na Sumitomo ya Japani. Huandikwa N35 hadi N52, namba kubwa ikiwa na nguvu zaidi kwa ukubwa uleule. Ni ngumu lakini hupasuka, na hupata kutu haraka maji yakipenya. Ndiyo sababu huvalishwa kikombe cha chuma na kupakwa nikeli. Sumaku tupu isiyo na kikombe, hata kama bei yake inavutia, usiinunue kwa kazi hii.

Nafasi ya kwanza: ya upande mmoja, kipenyo cha milimita 75 hivi

Hii ndiyo ninayomshauri kila mwenye kisima. Ina uso mmoja wa kushika, na juu yake kuna pete ya kufungia kamba. Inashuka ikitazama chini, kule kitu kilikolala. Kikombe cha chuma huelekeza nguvu yote kwenye uso huo, hivyo kuta za kisima haziisumbui sana. Nyingi za kipenyo hiki huuzwa kama za kilo 200 na zaidi kidogo. Ukipunguza kilo za kwenye boksi kama nilivyoeleza, bado inabaki nguvu ya kutosha kwa ndoo, jembe, panga na zana zote za fundi.

Kasoro yake ni kwamba haivuti kutoka mbali. Lazima iguse. Ishushe polepole hadi kamba ilegee, inyanyue kiganja kimoja, isogeze kidogo, ishushe tena, ukifuata mistari kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Ikinasa utaisikia: kamba inapiga mshtuko mdogo mkononi, mara nyingine na mlio mfupi unaopanda kutoka chini, kisha uzito unabadilika.

Hapo ndipo subira inahitajika. Ndani ya maji kitu huwa chepesi. Kikivunja uso wa maji huwa kizito ghafla. Ndoo ya lita 20 iliyojaa inaongeza kilo 20 papo hapo, na wengi huipoteza hatua hiyo hiyo. Ikifika karibu na uso, simama. Itikise taratibu iiname na kumwaga maji, au mwenzako aikamate kwa kulabu, ndipo umalizie kuvuta.

Kwa kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine, pima bomba la ndani kabla ya kununua. Kama ni la PVC, hakikisha sumaku inapita ikiwa na nafasi pembeni. Kama ni la chuma, hata sumaku ya upande mmoja itagandamana na ukuta ikiinama kidogo. Ivalishe ubavuni kipande cha plastiki ngumu, mfano shingo ya dumu iliyokatwa, kiizuie isiguse.

Nafasi ya pili: kulabu ya nondo

Si sumaku, na wengine watashangaa kuiona juu ya sumaku za bei kubwa. Lakini ndiyo inayoopoa sufuria kwa mkono wake, ndoo ya plastiki isiyo na waya, kamba iliyokatika, na hata pampu ya stenlesi iliyobaki na kipande cha kamba. Fundi yeyote wa kuchomelea, awe Gerezani pale Kariakoo au Kamukunji jijini Nairobi, anaijua: nondo nyembamba nne zilizokunjwa na kuunganishwa kama nanga ndogo ya mashua, na pete juu. Mwambie asage ncha ziwe butu, kwa sababu ncha kali hukata waya wa pampu na bomba la plastiki. Kama hela inatosha kitu kimoja tu na kinachozama kwako kila mara ni ndoo, anza na kulabu, sumaku ifuate.

Onyo moja kwa fundi huyohuyo: usimpe sumaku ya neodimia achomelee pete juu yake. Nyingi za kawaida huanza kupoteza nguvu zikivuka nyuzi joto 80 za Selsiasi, na moto wa kuchomelea ni mkali mara nyingi kuliko huo. Utarudishiwa chuma tu.

Nafasi ya tatu: ya pande mbili

Ina nyuso mbili za kushika na pete ubavuni. Kwa kisima haifai: ukiifunga kwa pete ya ubavuni inaning'inia kwa ukingo, nyuso zake zikitazama kuta, sio chini. Mahali pake ni mtoni, kwenye mfereji au gatini, ambako unairusha mbali kisha unaiburuta chini ukirudi. Huko, ikianguka upande wowote, kuna uso uliolala kwenye mchanga. Mvuvi aliyeangusha nanga, au fundi wa boti aliyedondosha zana kando ya gati, hii itamfaa kuliko ile ya kwanza.

Nafasi ya nne: ya mzunguko mzima

Hushika pande zote. Ni ghali, na kwa nyumba ya kawaida sioni sababu ya kuinunua. Karibu na gati la chuma au nguzo zenye nondo, hugandamana na kila kitu isipokuwa ulichokifuata.

Nafasi ya tano: sumaku ya spika

Zile pete nyeusi zinazopatikana kwa mafundi redio ni za feraiti. Hazishiki kutu na ni rahisi sana, pengine za bure, ila nishati yake ni kama sehemu moja ya kumi ya neodimia ya ukubwa huo. Kwa misumari, nati na funguo kwenye tangi au kisima kifupi zinatosha. Kwa panga lililozama topeni, hapana.

Za kipenyo cha milimita 120 na kuendelea, zinazouzwa kwa picha za watu wakivuta pikipiki, ziache. Ikishika bomba la chuma la kisima, watu wawili wanaweza kushindwa kuitoa, na vidole vikibanwa kati yake na chuma vinavunjika. Yoyote utakayonunua, ikigandamana usiivute wima. Iteleze kwa ubavu hadi ukingoni, maana huko ndiko nguvu yake ilipo ndogo.

Kamba na fundo

Nailoni ya milimita 8 au 10, urefu wa kina cha kisima na meta 5 za ziada. Kamba za plastiki za bei ya chini zinateleza mkononi na hukakamaa kwa jua. Katani ni nzuri kwa mambo mengi, ila ikiachwa mbichi inaoza. Kunja kamba iwe mbili, pitisha kitanzi kwenye pete, funga fundo la kawaida, kisha ingiza sumaku yote ndani ya kitanzi na ukaze. Ncha ya pili ifunge kwenye nguzo au mti *kabla* ya kushusha chochote. Pete ya juu imefungwa kwa nyuzi za skrubu na hufunguka kamba inapojisokota, kwa hiyo ipake gundi ya kukaza nati na uikague kila unapoitumia.

Ukitoka nje ya kisima chako

Visima vya magofu kama Kaole, Kilwa na Gede si mahali pa kurusha sumaku. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Mbali na sheria, chuma kilicholala kwenye maji ya chumvi kwa karne nyingi huanza kumeguka kikikaushwa bila utaalamu. Meli ya Wareno Santo Antonio de Tanna ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, na wataalamu waliichimbua chini ya maji kuanzia 1977 hadi 1980, kwa vipimo na michoro. Mtu mmoja na kamba yake angeng'oa vipande tu. Ndugu walioko Uingereza nao wajue kwamba Canal & River Trust, inayosimamia mifereji mingi huko, hairuhusu uvuvi wa sumaku kwenye maji yake.

Ukivuta kitu chenye umbo la kombora au bomu la mkono, popote pale, usikisugue wala kukirudisha majini. Ondokeni, waiteni polisi. Pwani yetu ilipiganiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, Tanga mwaka 1914 na delta ya Rufiji mwaka 1915.

Usafi na utunzaji

Sumaku iliyoingia mtaroni isiingie kisima cha kunywa. Ukiweza, tenga moja kwa ajili ya kisima pekee; la sivyo isugue kwa sabuni na brashi, pamoja na kamba yake, kisha iloweke kwenye maji ya klorini. Maji yakitibuka wakati wa kuopoa, yaache yatulie, chota ya mwanzo uyamwage, na uyatibu kabla ya kunywa.

Baada ya maji ya bahari isuuze kwa maji yasiyo na chumvi na uikaushe. Ihifadhi na ubao mnene usoni pake, mbali na simu na kadi za benki, na kamwe isiwe mikononi mwa mtu aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Nikeli ikibanduka na kutu ikaanza kujitokeza ukingoni, nunua nyingine.